Mkia wa Ndege ya Sebahire

Kwa miaka ishirini na miwili mume wangu Twahir amekuwa akiziba rejeta za malori yanayopanga foleni mpakani, Grande Barrière. Ni mbishi, ni mchafu, na harusini husinzia. Wa kumsema hivyo ni mimi Nasrine peke yangu. Mwingine akithubutu nitamrarua.

Sebahire, karani aliyerudi kutoka Goma, alijiundia ndege ya viti viwili nyuma ya nyumba yake, kwa injini ya gari. Miaka mitano! Rejeta ya maji, rejeta ya oili na mipira yake yote ya kupitishia maji alifunga Twahir. Kwa shukrani akapewa kiti cha pili siku ya kuruka, na mpumbavu wangu akamwachia binti yetu Saidati.

Mafundi wa hapa hujaza maji lori likiwa limepandishwa kilimani, pua juu, ili hewa itokee kwenye mfuniko. Ndege ile ikiwa chini hukalia mkia, pua juu. Twahir alifurahi kwamba imejipandisha yenyewe. Akajaza, akafunga.

Jumapili ya kuruka, akiwa anavaa viatu, akaganda.

"Mukia!" akasema, akatoka mbio na kiatu kimoja. Nikamfuata.

Uwanjani, kando ya ziwa, wageni walikuwa wamejaa, na Saidati ameshafungwa mkanda.

"Patron, nilikosea mimi," Twahir alisema akihema. "Ikikimbia, mukia inainuka. Hewa iliyobaki mbele itahamia nyuma ya injini, maji haitafika kule. Itapasuka mukiwa juu ya ziwa. Mutoto yangu ashuke."

"We ni fundi ya makamyo! Ndege utajulia wapi? Toka!" Sebahire akamsukuma kifuani.

Twahir akampiga. Ngumi ya kwanza ilipasua mdomo, ya pili ikang'oa jino. Sebahire akaokota spana, akamtandika nayo begani, wakaanguka wakibingirika majanini, shati jeupe la sherehe likilowa damu. Saidati akalia ndani ya ndege kwamba baba anamwaibisha. Mimi, sisemi uongo, nilipiga kelele: "Muponde!"

Walipotenganishwa, Twahir alimkatia mtoto mkanda kwa kisu, akamvuta nje. Akafunga ndege kwenye nguzo kwa kamba, akauinua mkia, akauweka juu ya pipa.

"Bon, washa sasa."

Sebahire akapanda akitema damu, akawasha ili kumuumbua. Dakika ya kwanza watu walicheka. Dakika ya saba hawakucheka tena. Mpira ulipasuka kwa kishindo, maji yanayochemka yakaruka pembeni, mahali alipokuwa amesimama Saidati na mikono kiunoni, bado amenuna. Twahir akajitupa mbele yake. Yalimla shingo na kifua. Alilia kama ng'ombe anayechinjwa, na mlio ule bado ninao masikioni.

Hospitalini Sebahire alikuja na mdomo uliovimba, akapiga magoti kando ya kitanda, akalia. Nilimfukuza. Saidati naye nikamtuma nje.

"Mama Saidati," Twahir alinong'ona, "nilikosea."

Nikamzaba kofi kwenye shavu ambalo halikuungua, kwa sababu mikono yake ndiyo iliyomfungia mtoto wangu kifo, mpira kwa mpira. Kisha nikachukua kijiko, nikaupoza uji niliomletea kwa pumzi yangu mpaka ukawa baridi kabisa, nikamlisha.