Mama Ndani ya Sanduku la Kaka

Kaka yangu mkubwa alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, lakini hakuweza kuhesabu, na vifungo vya shati lake nilimfunga mimi. Aliniita dada ingawa alinitangulia kuzaliwa, nadhani kwa sababu mimi ndiye niliyempakulia chakula. Pale Ifakara watu walimwita zuzu, wengine mbele ya mama, na mama aliwajibu maneno ambayo sitayaandika hapa.

Kamera alipewa na mtawa mmoja wa Kizungu, muuguzi wa hospitali ya misheni, aliyependa ndege kuliko chakula. Ilikuwa sanduku jeusi lenye mkanda wa kuning'iniza shingoni. Alimpa yeye pamoja na mwenzake, mwanamke wa makamo ambaye naye akili yake ilibaki ya utotoni, na ambaye ndugu zake walimleta kushinda kwetu. Niliona ni upuuzi mtupu. Nilidhani watalivunja kabla ya Jumapili, lakini hawakulivunja.

Walikuwa na namna yao ya kufanya kazi. Mwanamke alibeba sanduku, kaka akabonyeza. Walikwenda ukingoni mwa mbuga, maji yanapoishia, na kaka hakukubali kupiga picha kitu ambacho hakijamwona. Akimkuta sheshe, wale swala wa bondeni kwetu, ameinamia majani, alisimama wima na kuita, "Hodi!" Sheshe akiinua kichwa, kaka anabonyeza. Ndege wanaofuma viota kwenye matete nao aliwabishia hodi. Wengi waliruka, bila shaka, na picha ikawa ya tete tupu. Mtawa alizisafisha mwenyewe katika chumba cha giza, na zilipotoka, wanyama wote walikuwa wametutumbulia macho kama watu wanaosubiri kuandikwa kodi. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi pia nilicheka, ingawa sikutaka.

Sharti lilikuwa moja: sanduku lisifunguliwe kwenye mwanga, la sivyo picha zote zinaungua. Kaka hakulielewa. Mwenzake alilielewa sana, na kila kaka alipogusa kifuniko alimchapa mkono.

Masika ilipoanza, mtawa akaenda likizo kwao Ulaya. Filamu ilibaki ndani ya sanduku, bado haijaisha, ikingoja arudi. Ndipo mama akavimba miguu, kisha tumbo.

Hatukuwa na picha yake hata moja. Mpiga picha niliyemjua alikuwa Morogoro, na barabara ilikuwa chini ya maji.

"Mwambie kaka yako anipige," mama aliniambia. "Sura ya mama yangu nimeisahau kabisa. Wewe usije ukaisahau yangu."

Tukamtoa nje, tukamkalisha kwenye kigoda. Mwanamke akalishika sanduku sawasawa, kaka akasogea.

"Hodi, mama."

"Karibu, baba."

Akabonyeza.

"Haya, nimeingia?" mama akauliza kwa utani.

"Umeingia."

Alifariki kabla maji hayajapungua. Jeneza lilivushwa kwa mtumbwi hadi penye ardhi kavu. Nilipika wali wa waombolezaji, nikapeta mchele, nikagombana na shemeji mmoja juu ya kuni. Sikulia. Wanawake walinitazama pembeni, wakidhani najikaza. Sikuwa najikaza. Ndani yangu mlikuwa na ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba mama ametutoka, mama amepumzika, maneno yale ya msibani ambayo mtu huyasema huku akiwaza chumvi.

Kitu kimoja tu ndicho nilichokitaka, lile sanduku. Nilikuwa nikililinda siku nzima. Nililifunga kwa kanga ya mama, nikalitundika kwenye boriti, nikawa nauliza hospitali kila mara kama mtawa ameshaandika kwamba anarudi. Kaka alikaa chini yake. Mtu akimpa pole ya mama, alionyesha juu kwa kidole na kusema, "Yumo." Sikumkatalia. Sikuwa na nguvu ya kubishana.

Maji yalipopungua, ndugu za yule mwanamke wakahamia shamba kulinda mpunga dhidi ya ndege, wakamchukua. Hakukuwa tena na wa kumchapa kaka mkono.

Nilirudi kutoka kuteka maji, jua likiwa utosini. Kaka alikuwa uani, amekalia kigoda, kanga iko chini, sanduku liko wazi mapajani. Filamu yote ameivuta, inaning'inia mpaka kwenye vumbi. Alikuwa ameingiza mkono ndani ya sanduku, anapapasa pembe zake.

Nilitua ndoo. Nilingoja hasira ije, maana ninazo za kutosha, lakini haikuja.

"Dada," akasema, "hayumo."

"Hayumo."

"Nimemwita." Akaugeuza ule ukanda wa filamu, akautazama upande wa pili. "Uliniona nikimtia humu. Ametoka saa ngapi?"

Nikakaa chini karibu naye. "Mama amekufa, kaka," nikamwambia. Lilikuwa neno ambalo sikuwahi kulitamka tangu msiba uanze. Alinitazama mdomoni kama anayengoja maneno mengine. Kisha akaanza kulia kwa sauti kubwa, mtu mzima na ndevu zake, mpaka majirani wakachungulia.

Nilimfuta kamasi kwa ncha ya kanga. Ili nisiitazame filamu, nilijaribu kuivuta sura ya mama kichwani. Macho yalikuja, na pengo la meno. Alikuwa na kidoti shavuni, lakini sikukumbuka shavu lipi. Nikamuuliza kaka.

Akaacha kulia. Akagusa shavu lake la kushoto, kisha akagusa la kulia.