Lori Lililokunywa Maji ya Ulezi

Baba mkubwa alikuwa na ng'ombe wawili, mizinga ya nyuki juu ya miti ya mpakani, na lori bovu katikati ya migomba. Ng'ombe alimwachia mke wake. Nyuki walijitunza wenyewe. Lori ndilo lililokula Jumamosi zake zote.

Miaka ile, muda si mrefu baada ya vita vya pili vya dunia, nilikuwa nafundisha shule ya misheni huko Kirua, mlimani, na kihamba chake, shamba la migomba lenye nyumba ndani yake, kilikuwa kwenye njia yangu ya kutoka kazini. Nilikuwa napita kumwamkia, naishia kukaa. Nilimkuta amelala chini ya injini, miguu imetokeza nje, anasema na nati iliyoshika kutu kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto ameze dawa. Nilikaa kwenye kigogo nikamtazama. Sijui kama nimewahi kujifunza uvumilivu mahali pengine popote zaidi ya pale, mbele ya miguu ile miwili.

Lori lilikuwa la mlowezi mmoja, wa enzi ambazo barabara za mlimani zilikuwa bado njia za miguu zilizopanuliwa kwa jembe. Baba mkubwa, akiwa kijana, alikuwa utingo wake. Kazi yake ilikuwa kukimbia nyuma kwenye kila mwinuko akiwa na gogo begani, ili lori likichoka aliweke chini ya gurudumu lisirudi bondeni. Mlowezi alipohama aliona kulivuta lori lililokufa ni usumbufu, akamwachia. Likakaa. Migomba ikachipua kati ya chesi na bodi, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Kisha siku moja, mvi zimeshaanza, baba mkubwa alikata mgomba uliokuwa umeziba boneti, akaifungua, na tangu hapo hakuna aliyeiona imefungwa.

Majirani wangelielewa lori la kazi. Kahawa ilikuwepo, ndizi zilikuwepo, na mwenye gari alikuwa mtu. Lakini yeye alilitaka liwe tu kama lilivyokuwa, na taa zake za shaba, na honi yake ya mpira wa kubana. Mtu akimuuliza litabeba nini, alijibu, "Litajibeba lenyewe."

Jumapili mchana, baada ya ibada, fundi wake alipanda kutoka Moshi kwa baiskeli. Alikuwa mtu wa Majengo, mtaa wa mjini, mzaliwa wa pale pale, wazee wake walikuja na kazi ya reli wakabaki. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, hakuigusa, kwa hiyo mama mkubwa, mke wa baba mkubwa, alimwekea chai ya tangawizi, naye akamwita shemeji na kujisifu mbele yake bila haya. Alidai kuna injini mjini zinazowaka zikimsikia anakohoa. Mama mkubwa alimwambia basi akohoe hapa tumalize kazi. Mimi nilipewa zile taa za shaba, nikazisugua kwa majivu na limau mpaka nikauona uso wangu ndani yake, mpana kama wa chura.

Nikikumbuka sasa naona kwamba tulikuwa na furaha isiyo na sababu yoyote ya maana, na ndiyo maana ilikuwa kubwa. Hakuna aliyetutuma. Siku injini ilipowaka mara ya kwanza, baba mkubwa akizungusha hendeli na fundi akichezea kabureta, moshi wa bluu ulipanda kwenye majani ya migomba, ng'ombe wakakata kamba, na baba mkubwa akasimama mikono imelegea, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.

Mama mkubwa hakulichukia lori. Alihitaji nafasi yake. Mtamba wake alikuwa na mimba, zizi halitoshi, na pale lilipokaa ndipo palipokuwa tambarare peke yake katika kihamba chote. Mhunzi mmoja wa upande wa Mamba alikuwa ameshamwambia kwamba springi za lori lile ni chuma cha kutengenezea mapanga ya vizazi. Kwa hiyo habari ilipofika kwamba safari hii kwenye maonyesho ya kilimo, mjini Moshi, mashine kuukuu zitapitishwa mbele ya watu, mradi ziingie uwanjani kwa nguvu zake zenyewe na zisivutwe, yeye ndiye aliyetoa hukumu. Aliitoa huku anamenya ndizi, bila kuinua macho.

"Likienda Moshi kwa miguu yake, likae. Likishindwa, mhunzi achukue springi, fundi achukue injini, na mimi nichukue mahali pangu."

Baba mkubwa akakubali. Alikuwa na hakika nalo.

Ila kulikuwa na magurudumu. Yalikuwa ya mtindo wa zamani: kitovu cha chuma na spoki nene za mti. Zile za awali mchwa walikuwa wamezila, na baba mkubwa alikuwa amechonga nyingine kwa mikono yake. Pale Kirua hapakuwa na mchongaji wa kumshinda. Mizinga na mahori ya kuchachushia mbege aliyoyachonga yalikuwa katika nyumba nyingi za kata ile. Alikata mringaringa wakati wa masika, akauchonga ukingali unatoa maji, na spoki zikaingia mahali pake kwa nyundo, zimebana kabisa. Fundi alizigonga, akasema chuma chenyewe hakingekaa hivyo. Mlimani, chini ya migomba na ukungu, zilikaa hivyo kweli.

Wiki ya maonyesho tuliliteremsha lori mpaka tambarare, tukaliweka kando ya shamba la chini la mama mkubwa, karibu na barabara kuu ya Himo. Huko ndiko alikolima ulezi wake wa kiangazi, unaonyweshwa kwa mfongo, mfereji wetu unaotoka msituni na kugawiwa kila nyumba kwa zamu. Baba mkubwa alitaka azoee kuendesha kwenye njia iliyonyooka. Kila jioni alikwenda na kurudi, vumbi jekundu nyuma yake, amevaa koti lake la kanisani. Wachungaji walisimamisha mbuzi kumtazama.

Huko chini jua halina migomba ya kulizuia, na upepo haupumziki. Alhamisi, akiwa anakata kona kurudi, gurudumu la mbele la kushoto likaanza kucheza kama jino la mtoto. Fundi, aliyekuwa amechukua ruhusa kazini kwa ajili ya siku hizo, aliruka chini na kuinama. Spoki zilikuwa zimesinyaa. Ungeweza kuingiza ukucha kati ya mti na chuma. Magurudumu mengine matatu yalikuwa njiani kufuata.

Tulilirudisha kwa mwendo wa maziko mpaka ukingoni mwa shamba. Fundi akasema atazifunga kwa waya. Baba mkubwa akamuuliza waya huo utafika wapi. Fundi, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakujisifu. Akasema utafika kwenye shimo la kwanza.

Baba mkubwa hakushuka. Alibaki kwenye kiti, mikono juu ya usukani, anatazama mbele kwenye barabara.

Hali ikiwa hivyo akatokea mhunzi. Alikuwa anatoka Himo, amesikia njiani kwamba lori limevunjika miguu. Akasalimia vizuri, akachuchumaa nyuma, akatoa nyundo ndogo mfukoni na kuanza kugonga springi moja moja, kichwa ameinamisha, anasikiliza. Ting. Ting. Baba mkubwa alizisikia zote mgongoni mwake.

Mama mkubwa alikuwa anashuka na jembe kukagua mfongo, maana zamu yake ilikuwa kesho yake. Alisimama.

"Unafanya nini?"

"Napima tu, mama. Chuma kizuri sana hiki."

"Mwenyewe yuko juu yake."

"Si wewe uliyesema..."

"Nilisema likishindwa. Maonyesho ni keshokutwa. Umekuja na nyundo mtu hajashuka kitini?"

Mhunzi akarudisha nyundo mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Aliomba radhi, akaenda zake.

Mama mkubwa akaweka jembe chini, akalizunguka lori. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kulitazama kwa karibu bila kuona zizi. Alishika spoki akaitikisa. Akamuuliza mumewe mti ule aliukata lini. Masika, akajibu. Ulikaa wapi kukauka? Haukukaa, akasema, aliuchonga. Hapo mama mkubwa akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika bodi.

"Umelichongea lori miguu kama unachonga hori la pombe."

Ilikuwa kweli, na sisi sote hatukuwa tumeiona. Mti wa hori kwetu huchongwa ungali mbichi kwa sababu hori halikauki maishani mwake; mbege hii ikiisha linatiwa nyingine. Mkono wa baba mkubwa haukujua mti wa namna nyingine.

"Na hori likikaa tupu likapasuka," mama mkubwa akaendelea, "tunafanyaje?"

"Mnalijaza maji," akasema baba mkubwa polepole. Kisha akamtazama. "Maji ya nani?"

Swali hilo mgeni asingeliona uzito wake. Kiangazi, tone la mfongo lina mwenyewe. Ukifungua nje ya zamu yako utaitwa mbele ya wazee wa mfongo, na aibu yake haiishi kwa pombe ya faini. Ulezi wa mama mkubwa ulikuwa unatoa vichwa; maji ya kesho ndiyo yangeamua kama vitajaa. Aliutazama ulezi, akatazama magurudumu. Akasema, "Zamu yangu ni kesho, alfajiri mpaka saa sita. Leteni majembe."

Tulichimba jioni ile mpaka mikono ikatoka malengelenge. Tuliupindisha mfongo upite mahali palipobonyea, tukalisukuma lori likasimama humo, kisha tukachimba njia ya maji kutoka pale kuingia shambani, ili yaguse magurudumu na bado yaende kwenye ulezi. Mama mkubwa aliamuru kila tone la grisi lifutwe, maana chini yetu kulikuwa na watu wanaokunywa. Fundi wa Majengo, aliyezoea kuona grisi kama mapambo, alipiga magoti akifuta vitovu kwa majani makavu ya mgomba, na shemeji yake amemsimamia.

Asubuhi maji yakaja. Yaliingia kimya, ya rangi ya chai, yakapanda kwenye mpira, yakaufikia mti. Povu dogo likatoka kwenye kila ufa. Baba mkubwa alikaa ukingoni suruali ameikunja, amezamisha mkono, kidole kwenye ufa uleule, anausikia unafunga. Uso wake nisingeweza kuuandika wakati ule, na sasa pia nauacha.

Lakini maji yaliyozungushwa yanachoka. Saa sita ilipofika na mama mkubwa alipoziba mlango wa mfongo kwa udongo na majani, kwa mikono yake, bila kungoja kuambiwa, nusu ya juu ya ulezi ilikuwa imelowa na nusu ya chini ilikuwa bado kavu, udongo umepasuka. Baba mkubwa aliona. Akafungua mdomo.

"Tazama magurudumu yako," mkewe akamwambia. "Ulezi ni wangu."

Jumamosi tuliondoka mapema, magunia mabichi yamefungwa kwenye kila gurudumu, na mama mkubwa nyuma kwenye bodi, kitambaa cheupe kichwani, madebe ya maji kati ya miguu yake. Kila kijito tulichovuka tulijaza. Kila tuliposimama alimwaga. Njiani alinieleza, kwa sauti ya kushinda injini, kwamba alipokuwa msichana alimwona kijana huyu akipita na lori hili hili, akadhani ndiye dereva. "Nimeshakubali posa ndipo najua kazi yake ni kubeba gogo." Mbele, mgongo wa baba mkubwa ulitikisika kwa kicheko.

Majengo walitupokea kama walivyo, kwa utani. Watu walitoka madukani na kwenye baraza za cherehani, na mmoja akauliza kwa heshima zote kama mzee hajalifundisha lori lake kwenda haja kabla ya safari, maana linajikojolea barabara nzima. Fundi alisimama kwenye ngazi ya lori, yuko kwao, akamjibu kwamba afadhali hili linakunywa maji. Kicheko kilitufuata mpaka mwisho wa mtaa, na watoto nacho.

Kwenye lango la uwanja baba mkubwa aliondoa magunia. Spoki zilikuwa nyeusi kwa maji, zimebana. Akabana honi, ikalia kama bata mzee, na lori likaingia kwa nguvu zake lenyewe, taratibu, likiacha mistari miwili ya unyevu kwenye vumbi. Tuzo walipewa wenye lori la mjini lililopakwa rangi nyekundu inayong'aa. Sikumwona baba mkubwa akilitazama hata mara moja. Alikuwa anatazama watu wakilizunguka la kwake, wakigusa taa, wakiuliza, na yeye akijibu kila mmoja tangu mwanzo. Mhunzi alikuwepo kwenye uzio. Mama mkubwa alimsalimia, akamwambia atafute chuma kwingine, na akamkaribisha mbege, ingawa, alisema, mwaka huu itakuwa kidogo.

Ilikuwa kidogo kweli. Wiki iliyofuata baba mkubwa alikata mringaringa mwingine, akaupasua vipande vya spoki, akasimama navyo mlangoni mwa jiko la mke wake kama mgeni. Alitaka nafasi juu ya dari, pale moshi unapokausha kuni na joto linapoivisha ndizi za pombe. Mama mkubwa alisogeza kuni zake upande mmoja, akavipokea kimoja kimoja, akavipanga mwenyewe. Kila jioni alivigeuza kwa fimbo. Baba mkubwa aliuliza kama tayari, akauliza tena, mpaka akakatazwa kuuliza. Vikikauka, alisema mama mkubwa, atamwita.