Samaki Aliyekataa Kula

Mimi ndiye Bwana Samaki, mtaalamu wa uvuvi wa serikali hapa Mbinga, na tangu Jumapili sijui niuweke wapi uso wangu.

Masika haya tulimzika mtoto wetu wa kwanza. Ili kumliwaza mke wangu Paulina, nilimletea samaki wa rangi kutoka ziwani Lituhi ndani ya debe. Walipobanana kwenye chupa tulimowafuga, seremala akatuundia tangi kubwa la vioo vya dirisha. Halikuvuja! Kiburi kikanipanda, nikamwalika Katibu wa tawi la chama na majirani waje kulitazama baada ya misa.

Samaki mmoja alikuwa amejibanza pembeni, mashavu yamevimba, chakula hagusi.

"Ndugu, huyu vipi?" Katibu akauliza.

Ningesema sijui, yangeisha. Lakini mtaalamu aseme hajui mbele za watu?

"Ana jipu mdomoni," nikajibu. "Atawaambukiza wenzake."

Nikamchota kwa chujio la chai, nikamlaza kwenye sahani, nikampanua mdomo kwa kijiti ili waone jipu lenyewe.

Wakamwagika watoto. Vijisamaki vyenye macho, vikirukaruka kwenye sahani kavu. Mama yao alikuwa amewaficha mdomoni, ndiyo maana hakula. Nilipovimwaga majini kwa haraka, samaki wakubwa wakavimeza vyote mbele ya wageni.

Hakuna aliyecheka. Paulina akaweka birika chini.

"Bwana Samaki," akaniita kwa cheo, yeye ambaye hajawahi kuniita hivyo, "hilo ndilo jipu?"