Vitabu Elfu Vilivyolala Kwangu

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, zizi langu lilibaki na samadi tu, ng'ombe hakuna hata mmoja. Sikuibiwa. Mwenyewe alikuja kuwachukua.

Mwanangu, nakupa habari hii kwa sababu nimesikia unatafuta programu ya kusomea vitabu kwenye simu yako, na macho yako yameangukia ile yenye kava nyingi zinazong'aa. Utasema, mzee aliyeishia darasa la tatu anajua nini habari za programu? Ninajua. Nimefuta tatu kwa kidole hiki hiki kilichoshika plau, nikabaki na moja. Kaa nikueleze, na usinikatize, maana mimi nikikatizwa naanza upya.

Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo. Baba aliniachia jina lake na jembe moja, basi. Huku kwetu Simiyu mtu mwenye ng'ombe wengi huwagawa kwa wasio nao ili wamchungie. Wasukuma tunaita kubilisa. Maziwa unakunywa wewe, samadi unapeleka shambani kwako, maksai wanakulimia, na ukichunga vizuri mwenyewe anaweza kukupa mtamba mmoja akiona inafaa. Lakini ng'ombe ni wake, ndama ni wake, na siku akiwataka anakuja na fimbo yake. Mzee mmoja wa Mkula aliyeitwa Maduhu ndiye aliyeniamini, akaniletea kumi na mmoja.

Haikupita miezi mingi nikaanza kutembea kama mwenye mali. Niliwapa majina. Nilinunua kengele, nikamfunga dume shingoni, niwe nasikika nikipita. Watu wa njiani wakinipongeza, najibu wabeja, asante, nanyamaza hapo hapo. Si wanajisemea wenyewe? Mimi nimewaambia nini?

Ndipo nikampenda Minza wa hapa Sapiwi. Alikuwa amemaliza darasa la saba, jambo ambalo enzi hizo kwa msichana si dogo, na ulimi wake ulikuwa wembe. Baba yake, mzee Nkwabi, akaja kulitazama zizi langu, maana mtu hamtoi binti yake kwa kusikia. Alilizunguka lote, akamshika ng'ombe mmoja nundu, akamfunua mwingine meno, kisha akaniuliza, "Hawa wote wako?"

Nikamjibu, "Wanalala kwangu, baba."

Sikusema uongo, na hilo ndilo lililonipendeza. Nilijiona mjanja kuliko wajanja. Ng'ombe kweli walilala kwangu, na mzee akaenda zake ameridhika, siku ya kupeleka mahari ikapangwa.

Wiki ile ile mzee Maduhu akafika asubuhi na vijana wake wawili. Mwanawe naye alikuwa anaoa. Hakunigombeza, tena alinishukuru kwa kuwanenepesha. Akawaswaga wote kumi na mmoja, na mimi nimesimama pale nikisikiliza kengele inavyofifia kuelekea Mkula. Kengele ile ndiyo ilikuwa mali yangu pekee mle zizini, mwanangu, na sikuwa na uso wa kuiomba.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Siku mbili baadaye tukakutana na mzee Nkwabi kwenye josho, watu wamejaa wanaogesha ng'ombe zao, na habari imeshafika kabla yangu. Nilimwamkia mwangaluka. Akaitikia, maana alikuwa mtu wa adabu. Kisha akasema bila kupandisha sauti, na kila aliyekuwepo akasikia:

"Ungeniambia huna ng'ombe, ningekuuliza kama una mikono. Wewe ukaniambia wanalala kwako. Hata mgeni hulala kwangu, kijana, na asubuhi simhesabu kuwa ni mwanangu. Nenda. Utakaporudi, njoo na hata mmoja, ila awe ambaye hakuna wa kuja kumchukua."

Yule mzee hakunitukana umaskini wangu. Alinitukana ujanja, na ujanja ndio niliokuwa nao mwingi.

Nililima pamba misimu mitatu mpaka viganja vikawa kama gome. Ng'ombe wangu wa kwanza nilimnunua mnadani, mtamba wa pembe moja, amekonda hivi kwamba watu waliniuliza kama nimemnunua au nimemwokota. Lakini nilipomfungia zizini nililala usingizi ambao sikuwahi kuulala na wale kumi na mmoja. Minza alinisubiri. Posa mbili alizikataa; mmoja wa waposaji Minza mwenyewe alimtamkia usoni kwamba anatafuna kama mbuzi. Nilirudi kwa mzee Nkwabi na mtamba wangu na wengine wachache waliofuata, na kila mmoja nilimtaja nilikompata. Nikapewa mke. Leo nina zizi lisilo na swali, nyumba ya bati, na watoto waliosoma kunishinda. Sijisifu. Au najisifu, basi, mimi nimevifanyia kazi.

Hata kusoma kwa ufasaha alinifundisha Minza, kwa vipande vya magazeti vilivyofungia sukari. Darasa la tatu lilinipa herufi, mke wangu akanipa sentensi. Nyumbani kwetu yeye ndiye alikuwa msomaji, mimi msikilizaji.

Mwaka jana macho yake yakaingia ukungu. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, atafanyiwa upasuaji, asubiri tarehe. Mtu aliyezoea kitabu ukimnyima kitabu anageuka mkali, nami ndiye niliyekuwa karibu. Nikaamua kwamba sasa nitamsomea mimi. Vitabu vya karatasi vyenye herufi za kunitosha mimi na miwani yangu sikuviona madukani Bariadi, basi nikanunua kishikwambi kipana, na kijana wa duka akaniwekea programu ya kusomea. Unalipia kila mwezi. Unaifungua, unaona kava zimejipanga kama sherehe.

Mjukuu wangu Kabula, ambaye ni mwalimu Lamadi, alinipigia simu akaniuliza, "Guku, hivyo vitabu vimeingia ndani ya kishikwambi, au unavichungulia tu kwa mtandao?" Nikamwambia babu yake hafundishwi kununua. Jumapili nikaenda nacho kanisani. Wazee wenzangu wakauliza, hivyo vyote vyako? Nikasema nina vitabu elfu humu. Umeshaona nilivyorudi kule kule? Mimi sikuona. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi nilikuwa mgeni wa vitabu huku nimejifanya mwenyeji.

Tukaanza kisa cha mjane mmoja aliyeushtaki ukoo wa marehemu mumewe kwa ajili ya shamba. Minza alikishika kisa kile kama ndugu yake ndiye yuko mahakamani. Nikisoma, anakatiza, anamtukana shemeji wa yule mjane, ananiamuru niendelee. Mtandao huku Sapiwi unakuja na kuondoka kama upepo, basi siku nyingine tulikaa na kishikwambi kinazungusha duara lake, sisi tunakitazama. Nikavumilia. Tukafika sura ya mwisho kasoro moja, na hospitali wakatupa tarehe: Alhamisi ya wiki inayofuata.

Mke wangu akaniambia, "Baba Masanja, kisu cha daktari sikiogopi. Ninachoogopa ni kuingia mle ndani sijajua yule mama kapata shamba lake au kakosa. Nisomee mpaka mwisho kwanza."

Hilo tu. Katika miaka yote ya ndoa mwanamke huyu ameniomba mambo machache, na hili lilikuwa jepesi kuliko yote.

Kesho yake nafungua, sura haipo. Kitabu hakipo. Nikadhani ni mtandao, nikaenda mpaka Bariadi mjini na bando jipya. Pale mjini, mtandao umejaa, yakatokea maandishi kwamba kitabu hiki hakipatikani tena kwenye maktaba yao. Mwezi nilikuwa nimelipia. Wao wamekiondoa, hawajanivunjia mkataba, maana wapi waliniambia ni changu? Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu.

Minza akanisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea anigombeze. Akaanza kucheka, kicheko cha kupigapiga goti, macho yake yasiyoona yanatoka machozi. Akasema, "Kwani vilikuwa vyako, au vilikuwa vinalala kwako tu?"

Nguo ya kuazima haisitiri matako. Mimi ya kwangu yalionekana mara mbili, ujanani na uzeeni, na mwanamke aliyeyaona ni yule yule mmoja.

Nikampigia Kabula nikamwambia, mjukuu wangu, njoo unifundishe kununua. Alikuja Jumamosi na hakunicheka, ingawa nilimwona anauma mdomo. Akaniambia tunaanza na kitabu, programu ni ya baadaye. Akamtafuta mchapishaji, tukakinunua kile kitabu kimoja, kikaja kama faili, akakiweka ndani ya kishikwambi na nakala nyingine kwenye kadi, kadi nikaifungia kwenye sanduku la hati za shamba. Kitabu kimoja. Nilikitazama pale kwenye kioo kikiwa peke yake, nikamkumbuka mtamba wangu wa pembe moja.

Ile programu ya kava nikaifuta. Kisha tukaanza kupima nyingine, nami nikazipima kama ninavyompima maksai mnadani: hununui rangi, unamfunga nira umwone anavyovuta. Ya kwanza ilionyesha ukurasa kama picha. Ukikuza herufi, mstari unatoka nje ya kioo, unauvuta kushoto, unauvuta kulia, mpaka ufike mwisho umesahau mwanzo. Nikaifuta. Ya pili ilisomeka vizuri, lakini mjane yuko mbele ya hakimu, mara anatokea mtu anacheka, anakuuzia viatu. Tena iliomba ruhusa ya kuona majina ya watu wote kwenye simu yangu. Mgeni aliyeomba maji ya kunywa anauliza ufunguo wa ghala wa nini? Nikaifuta nayo.

Ya tatu ilikuwa na sura mbaya. Haina mapambo, haina kava za kuringia. Lakini nilipokuza herufi mistari ilijikunja yenyewe ikabaki ndani ya kioo. Nikaufanya ukurasa uwe na rangi ya karatasi kuukuu ili macho yasiume. Nikazima data, nikazima kishikwambi chenyewe, nikakiwasha: ukurasa ule ule, mstari ule ule, pale kidole changu kilipoishia. Nikamwambia Kabula, huyu anavuta.

Jumatano mchana tulikaa uani, Minza anapukuchua mahindi kwa kupapasa, mimi nasoma. Nilisoma polepole. Kuna maneno ya mahakamani yalinishinda, nikayaruka kama mtu anavyoruka mtaro, nikaendelea upande wa pili. Hakimu akatoa hukumu: mjane apewe nusu ya shamba.

Mikono ya mke wangu ikasimama kwenye gunzi. Nikadhani amekasirika.

"Nusu," akasema. "Sawa. Ila ni yake. Hakuna wa kuja kuichukua."

Na Alhamisi akaingia kwa daktari akiwa ametulia kuliko mimi niliyebaki kwenye benchi.

Jicho lilifunguka. Siku alipoambiwa anaweza kusoma kidogo, alikinyakua kishikwambi mikononi mwangu, akarudi kwenye sura ile ya mwisho, akasoma kimya kwa muda mrefu. Kisha akaniangalia juu ya miwani. "Baba Masanja, hapa uliruka. Na hapa. Na huyu shahidi mzima hukunisomea kabisa." Nikamwambia nilikuwa nampunguzia safari. Akanisomea yule shahidi kwa sauti, neno kwa neno, na nilikaa nikasikiliza kama zamani. Lakini sikuona aibu, mwanangu. Kitabu kizima nimemsomea mke wangu mimi, mtu wa darasa la tatu, nimeruka mitaro saba au minane. Nani mwingine hapa Sapiwi amefanya hivyo?

Sasa sikia ninachokuambia. Sikukatazi vitabu vya kulipia kwa mwezi wala vya kuazima. Mimi maziwa ya ng'ombe wa Maduhu niliyanywa, yakanijenga mifupa. Azima, lakini jua umeazima, na ukiulizwa sema umeazima. Kile unachokipenda, kile cha kumsomea mtu wako, kinunue kiwe chako, na uweke nakala mahali pengine. Kisha tafuta programu ya kukitumikia: ifunguke bila bando, ikuze herufi mpaka bibi yako aone, ikumbuke ulipoishia, na isiombe kwako kisichohusu kusoma. Ijaribu siku ambayo hakuna mtandao, ndiyo siku utakayoijua tabia yake. Usihesabu kava, hesabu vitabu ulivyomaliza. Na mjukuu wako akikuuliza swali, ujibu swali, usimjibu umri wako.

Haya, nenda. Mungu akupe macho yanayodumu, na mtu wa kumsomea. Akupe kidogo kilicho chako, kikue. Na kila asubuhi utakapofungua zizi lako, ukute kengele inalia humo humo ndani.