Madagaska kwenye Ubao wa Dirisha

Chumba cha darasa letu la jioni, hapa Kasulu, tuliazimwa na shule ya msingi, pamoja na ramani ya Afrika iliyochorwa ukutani. Mchoraji alianza kwa mbwembwe, bara likanenepa, na alipofika mashariki ukuta ukawa umekwisha. Madagaska akaichora kwenye ubao wa dirisha, upande wa ndani. Dirisha likifungwa, Afrika imekamilika. Likifunguliwa, Madagaska inatoka nje kutazama mihogo ya watu.

Mwaka ule tulitakiwa kutoa msemaji mmoja wa kufanya mdahalo na wanafunzi wa jioni wa Kibondo. Mwalimu akaamua tupimane wenyewe kwanza: je, Madagaska ni Afrika kweli? Mimi nikapewa upande wa kukataa. Wa kukubali alikuwa fundi cherehani, mama wa watoto wawili. Wazazi wake walikimbia kutoka Burundi, naye uraia aliupata akiwa tayari mtu mzima. Mama yake bado anauza maharage sokoni Kibondo.

"Kaka," aliniambia waziwazi, "nataka mama asikie nikitangazwa: msemaji wa Kasulu. Basi. Hata nikishindwa huko."

Nikampa pole, maana mimi nilikuwa sijashindwa na mtu tangu Ziwa Tanganyika lijae maji.

Siku yenyewe joto lilikuwa kali, dirisha wazi. Nilinguruma mpaka kuku wa kijiji cha Titye, nasikia, waliacha kutaga. Nikasema lugha ya kule ilitoka mashariki ya mbali kwa mitumbwi, bahari ile ni pana, hata wanyama wao hawafanani na wetu. "Jirani si ndugu!" nikamalizia. Makofi.

Yeye akaja na mkasi wake. Akachukua gazeti kuukuu, akalikata kipande pembeni, akakisogeza mwisho wa meza.

"Fundi akiokota kipande sakafuni hakiulizi kinasema lugha gani. Anatazama ukingo. Madagaska ilikatika huku. Irudisheni, itakaa."

"Lakini imeshashonewa suti nyingine!" nikadakia.

"Shona unavyotaka, kaka. Jora la kitambaa ni lile lile."

Mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Wa kuja anamtetea wa kuja mwenzake!"

Fundi akamtazama kuanzia kiunoni kushuka chini.

"Suruali hiyo nimekushonea mimi, bwana. Kama kazi ya wa kuja haikufai, ivue."

Tulicheka wote, hata mimi, jambo ambalo mpinzani hashauriwi kulifanya.

Nikasimama kwa neno la mwisho. Mvua ikaanguka, ile yetu ya kupiga upandeupande, ikaingia dirishani moja kwa moja hadi kwenye daftari langu lenye hoja zote. Nikaruka, nikavuta ubao, nikatia komeo. Nilipogeuka, darasa zima lilikuwa linatazama nyuma ya bega langu.

"Mwalimu," akasema fundi, "mpinzani ameirudisha mwenyewe."

Hatukupiga hata kura.

Kibondo nilikwenda kama mshika saa. Fundi alishindwa, tena vibaya. Lakini kabla ya hapo mwenyekiti alitangaza: "Msemaji wa Kasulu!" Mama yake, benchi la mbele, kitenge kipya, akamwuliza jirani yake kama amesikia vizuri. Kisha akanyoosha mkono kama mwanafunzi, akaomba tangazo lirudiwe.

Mwenyekiti akarudia.