Kopo Lililoandikwa "Iliyoharibiwa"

"Hii iliyoharibiwa, iliharibiwa na nini?"

Mtahini aliniuliza hivyo akiwa ameshika kopo langu la tatu, nami nikajifanya nasoma upya maandishi yangu mwenyewe. Mimi, niliyewahi kumsimamisha mhubiri katikati ya mahubiri nimuulize simba wa safina walikula nini.

Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulikuwa kugeuza magunzi ya mahindi kuwa kaboni ya kuhifadhi umeme. Unachoma magunzi ndani ya kopo lililofungwa hewa isiingie, unasaga makaa, unayapaka kwenye vibati, unavilowesha maji ya chumvi, kisha unavichaji kwa betri. Ukiondoa betri, taa ndogo nyekundu iendelee kuwaka. Isipowaka, unarudia mwaka.

Makaa yangu ya kwanza hayakuwasha kitu. Ya pili yaliwasha taa kwa muda wa kupiga chafya. Nililaumu kinu, nikamlaumu msimamizi wangu, nikarudi nyumbani Shirere nikaketi mlangoni pa jikoni nikilalamika kwamba magunzi haya ni magumu, hayafunguki. Nilimwambia Mama kwamba silii, ni moshi tu. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Nilikuwa nimebakiza beseni moja la magunzi. Kesho yake nikalikuta chini ya kopo lake la musherekha. Mama huchoma maganda makavu ya maharagwe, hutia majivu kwenye kopo lililotobolewa chini, humwagia maji, na yale matone ya rangi ya chai ndiyo musherekha, hulainisha kunde sufuriani. Sasa yalikuwa yamelowesha magunzi yangu yote.

"Mama! Umeniharibia sampuli!"

"Wacha nikwambie..."

"Usiniambie! Hii ni sayansi, si mboga ya likhubi!"

"Haya, pole, daktari. Na hizi kunde utakula, ama nazo ni sampuli?"

Nilikula kwa hasira, nikaongezwa, nikala tena kwa hasira. Kisha, kwa kuwa mtihani ulikuwa Jumatatu na sikuwa na magunzi mengine, niliyaanika, nikayachoma, nikayaosha makaa yake, na juu ya kopo nikaandika kwa herufi kubwa: ILIYOHARIBIWA. Nilitaka mtahini ajue mapema kwamba kosa si langu.

Siku ya mtihani makaa ya kopo la kwanza yalikataa. Ya pili yakapiga chafya yake. Ya tatu yakawasha taa, ikawaka, ikaendelea kuwaka hadi mtahini akavua miwani na kuuliza lile swali.

"Iliharibiwa na mama," nikasema hatimaye.

"Mama alifanya nini?"

"Alitaka kuniambia. Nikamkataza."

Nilipita, kwa sharti kwamba nieleze kwenye ripoti kilichotokea. Ndipo niliposoma kwamba majivu ya maganda ya maharagwe yana potashi nyingi, na kwamba potashi hutoboa makaa vitundu vidogo mno, ambamo umeme hupata pa kukaa. Maabara huinunua ikiwa ndani ya chupa. Niliandika kwamba magunzi yalilowa "kwa bahati". Neno hilo nililipenda sana. Lilimwondoa Mama kwenye ripoti bila kumkosea adabu, na likaniacha mimi ndani.

Mwaka wa pili baada ya kuhitimu, tukichambua kunde pamoja, nilimuuliza mbona siku ile aliweka kopo lake juu ya beseni langu na jikoni kulikuwa na nafasi tele. Mimi ninayehoji kila kitu, swali hilo lilinichukua muda wote huo.

"Si ulisema magunzi yako ni magumu, hayafunguki?" akasema, bila kuinua macho. "Kitu kigumu mimi nakitianga musherekha. Nikayapangusa vizuri, nikayapanga kwa beseni, nikayamwagia mara tatu."