Mzunguko wa Sekunde Kumi na Tisa

Alhamisi ile Oldřich Kubánek alifika kilabuni kabla ya mwenye funguo. Alisimama mlangoni pa nyumba ya utamaduni ya wachimba makaa, begi la vigari begani, akijifanya anasoma tangazo la dansi ya wastaafu. Ungemwona ungesema mzee huyu ana hamu ya mchezo. Hamu gani! Alikuwa anaogopa kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi, na wito alijiandikia mwenyewe.

Olda, kama wanavyomwita wote, ni dereva wa tramu mjini Ostrava, na huu ni mwaka wake wa thelathini na moja. Ana miaka hamsini na tisa. Yeye na mkewe waliachana bila kelele, binti yuko mji wa Zlín na hupiga simu Jumapili. Hanywi kabla ya zamu, hachelewi, hagombani na abiria, hata wale wanaostahili. Na kila Alhamisi, kwa miaka ishirini na sita, hushuka chumba cha chini cha nyumba ile kushindana kwa vigari vidogo vya umeme pamoja na watu wazima wenzake. Wanaocheka na wacheke. Barabara yao ni ya mbao, mita thelathini zilizojikunjakunja chumba kizima, na ina mifuo sita, yaani vijifereji vyembamba vya kuongozea vigari, kila mfuo na rangi yake. Kigari kina ulimi chini ya pua unaoingia mfuoni, na dereva husimama kando ameshika kidude chenye kifyatulio, ambacho wao hukiita bastola. Ukibana, kigari kinakwenda. Ukiachia, kinafunga breki. Ukiingia kona umebana, kinaruka nje, na hapo mwokotaji aliyesimama kwenye kona ile hukiokota na kukirudisha mfuoni. Uokotaji ni wa kila mtu. Ukimaliza kushindana unakwenda kusimama konani, uwe mwenyekiti au uwe nani.

Kilabuni Olda anaitwa Saa ya Ukutani. Hana mbio sana, ila mizunguko yake hufanana mpaka inachosha. Kompyuta inayopima kila mzunguko ikitoa karatasi yake utakuta sekunde sita na kidogo, sita na kidogo, ukurasa mzima. Wenye haraka huruka nje konani, yeye anapita zake.

Hofu ilianza Septemba. Alikuwa anakaribia kituo, akamwona bibi mmoja mwenye kikapu cha magurudumu akimsubiri, na papo hapo kituo kikawa nyuma yake, abiria wanagonga kioo cha chumba chake, na mmoja anamwita ng'ombe. Katikati hapakuwa na kitu. Hakusinzia, maana aliyesinzia anajua kwamba ameamka. Ni kama mtu aliikata ile nusu dakika kwa mkasi akaondoka nayo. Aliomba radhi kwenye kipaza sauti, akasema alikuwa anawaza. Mara ya pili ilikuwa nyumbani: maziwa yamefurika jiko zima, naye amesimama na kijiko mkononi. Mara ya tatu, wiki mbili zilizopita, alishtushwa na honi kwenye njia panda, na hakujua amesimama pale kwa muda gani.

Tramu ina kanyagio la usalama. Dereva akizirai, mguu unalegea na tramu inasimama yenyewe. Olda alijifariji kwa kanyagio hilo siku mbili. Siku ya tatu akakumbuka kwamba kwenye kituo kile tramu haikusimama. Mguu wake ulikaza palepale, mashine ikaamini kuna mtu. Tangu siku hiyo usingizi wake ukawa wa mang'amung'amu.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na Olda hakuhitaji kuambiwa. Lakini kwenda kwa daktari ni barua kwa wakubwa wa tramu, na barua hiyo ni kuvua sare na kurudi nyumbani kutazamana na maziwa. Basi akajitungia mtihani. Kila mshindani hupita mifuo yote sita, dakika nne kila mfuo, na kompyuta haimbembelezi mtu. Karatasi ikitoka safi, kesho atakwenda zamu ya asubuhi na moyo mweupe. Isipotoka safi, basi. Huko alikataa kufikiria.

"Ohoo, Saa ya Ukutani!" Mwenyekiti, Zbyněk Chrobok, fundi wa lifti mwenye mdomo usiojua kufungwa, alikuja akichezesha funguo. "Leo umemtangulia jogoo! Mkeo kakufukuza? Aa, samahani, hata wa kukufukuza huna."

"Fungua mlango, bwana, vidole vinaganda."

"Acha vigande. Labda leo nitakushinda."

Wengine walifika mmojammoja. Wa mwisho alikuwa Drahomíra Šebková, Draha, mpishi wa shule, mwanamke pekee wa kilabu na mwokotaji mwenye mkono mwepesi kuliko wote. Alikuja na sinia la mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe na vitunguu.

"Kula, Olda. Umekonda kama waya."

"Baadaye, Draha."

"Baadaye ipi? Chrobok akishaliona sinia hakuna baadaye."

Saa moja jioni walianza. Olda alianzia mfuo mwekundu. Jasho jembamba lilimtoka kabla hata taa ya kuanzia haijawaka. Alihesabu kwa midomo, moja, mbili, tatu, na kila alipopita mstari alijiuliza kama nambari iliyotangulia aliitamka kweli. Dakika nne zikaisha. Mweupe ukapita salama, wa kijani pia. Kwenye wa manjano mabega yalianza kulegea, akajisikia mjinga. Mzee mzima unajitisha kwa kivuli chako! Umechoka tu, zamu nyingi, chakula kidogo. Alitamani hata ule mkate.

Mfuo wa tano ulikuwa wa bluu. Chrobok, aliyekuwa anashindana pembeni yake, alianza hadithi, maana ndiyo mbinu yake ya kuwavuruga wenzake.

"Mama mkwe wangu kakwama kwenye lifti, bwana, ghorofa ya sita! Kabonyeza kengele ya dharura. Sasa kisia, nani alikuwa zamu siku ile?"

Kisha watu wote walikuwa wanacheka.

Hadithi ilikuwa imekwisha. Chrobok alikuwa anajifuta machozi kwa mkono wa shati, na Olda hakujua mama mkwe aliishia wapi. Alitafuta kigari chake barabarani, hakukiona. Kilikuwa mkononi mwa Draha, kwenye kona wanayoiita Kiwiko, na Draha alikuwa anapiga kelele.

"Achia! Olda, achia mkono! Nikikiweka tu kinaruka!"

Akatazama mkono wake. Kidole kilikuwa kimebana kifyatulio mpaka mwisho, ukucha umekuwa mweupe. Alikiachia kama anayeachia kidole cha mtu mwingine. Draha akaweka kigari mfuoni, kikaondoka.

"Saa imeisha betri!" alisema Chrobok.

Olda alicheka pamoja nao. Ndivyo hofu inavyomfanya mtu, inamchekesha mahali pa kulia. Mfuo wa sita aliumaliza bila kosa hata moja.

Karatasi ikatoka. Chrobok ndiye aliyeisoma, kwa sauti, kama kawaida.

"Sita, sita, sita nukta mbili. Ehe! Mfuo wa bluu, mzunguko wa kumi na saba: sekunde kumi na tisa! Mzee, hapa ulikwenda kununua sigara?"

"Waya wa bastola umelegea," alisema Olda.

Chrobok akaichukua bastola, akaukunjakunja waya, akabana, akaachia. "Mzima huu."

"Basi nililala."

"Sasa hapo umesema ukweli!" Wakacheka tena, wakaendelea na duru iliyofuata, na kwao jambo likaishia hapo. Olda alikwenda kusimama konani kuokota vigari vya wenzake. Akakirudisha kigari cha kijani kwenye mfuo wa manjano, na akatukanwa vizuri.

Saa mbili na nusu watu walikuwa wanavaa makoti ukumbini juu. Draha alikuwa ameshafunga vifungo vyote na kitambaa kichwani. Hakutoka. Alisubiri Chrobok arudi chini na maneno yake, kisha akamsogelea Olda.

"Nilikuita mara nne."

"Kulikuwa na kelele, Draha. Hadithi ya Chrobok..."

"Mara nne, Olda. Nilikirudisha kigari mara mbili na mara mbili kikanitoka mkononi. Ulikuwa unanitazama usoni. Macho wazi kabisa, lakini ndani hamna mtu. Niliogopa. Nakwambia ukweli, miaka yote hii sijawahi kukuogopa."

"Nilikuwa nawaza."

"Unawaza nini?"

Kutoka chini ilisikika sauti ya Chrobok akizima taa na kumsimulia mtu tena habari za lifti.

"Kesho uko zamu ya asubuhi," alisema Draha.

"Ndiyo."

"Mimi napanda tramu yako ya saa kumi na moja na dakika arobaini. Sisi wapishi wote tunapanda hiyo, na wauguzi wanaokwenda zamu, unatujua." Alimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Olda zaidi. "Sitamwambia mtu. Siyo kazi yangu. Niambie wewe tu. Nipande?"

Panda, alitaka kusema. Neno lilikuwa dogo, jepesi, na alikwisha kulitamka kwa namna nyingine kila asubuhi kwa miaka thelathini na moja, kila alipofungua milango. Alifungua mdomo. Alijua kwamba akisema neno hilo yule mwanamke ataliamini, atapanda, atakaa kiti cha mbele kama siku zote na mfuko wake magotini.

"Usipande," alisema.

Akalirudia neno. "Usipande, Draha. Si mara ya kwanza. Ni mara ya nne."

Draha alifungua vifungo vya koti kimoja baada ya kingine, akalivua, akaketi kwenye benchi la ukumbini, akamngoja apige simu kwa msimamizi wa zamu.